Chumba cha Nyuma Kisichovuja

Jumatatu, 6 Aprili

Dada, leo shule imefungwa, na kuanzia leo mpaka mvua zipungue nitakuandikia kila kitu nitakachokiona kwenye karakana ya shangazi: vifaa, rangi, mbao, maneno ya watu, na hata yale yatakayonitia aibu mimi mwenyewe. Naahidi kutopunguza na kutoongeza chumvi. Ni kweli ulivyosema, kwenye simu tunaambiana "wote wazima" halafu salio linakwisha.

Najua unataka kujua mambo mawili. La kwanza umelisema wazi: mtu anayefungua duka la mabango aanze na vifaa gani. La pili hukulisema, ila nimelisikia hivyo hivyo: kama shangazi bado ana kinyongo na wewe. Likizo iliyopita ulisema mbele ya wateja kwamba kazi ya brashi imekwisha na sasa ni zama za mashine. Shangazi aliosha brashi zake, na kesho yake ukaondoka bila kunywa chai. Mwisho wa mwezi huu utamjibu yule mwenye chumba cha sokoni kama unakichukua. Mimi naomba usimjibu bado. Nataka mashine yako ya kukata stika ije hapa, na juu ya mlango tuwe na bango moja. Nimelisema mara moja, sitalirudia kila ukurasa.

Nimemwambia shangazi kwamba naandika. Akasema, "Andika. Ila usiniandike nikipiga miayo."

Amepiga miayo mara mbili.

Jumanne, 7 Aprili

Mvua. Hakuna mteja. Nimepanga makopo ya rangi, yaliyofunguliwa mbele, mapya nyuma. Shangazi anasema kopo lililofunguliwa ligeuzwe kichwa chini baada ya kufungwa vizuri, ili ngozi ya rangi iotee chini na siyo juu.

Jumatano, 8 Aprili

Leo amekuja Matroni. Ni mama mwenye sauti ya kuamsha wagonjwa, anafungua kliniki ya akina mama wajawazito kwenye ile nyumba ya ghorofa moja karibu na kituo cha mafuta. Ufunguzi ni Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe kumi na nane. Anataka bango la mabati lenye fremu, la upana wa mikono yangu miwili nikiinyoosha na zaidi.

"Ila herufi ziwe za stika, Mama Rangi," alisema. "Zile zinazokatwa na mashine. Nataka mjamzito akiziona aseme hapa pana usafi."

"Za brashi zina uchafu gani?" shangazi akauliza.

"Sijasema chafu. Nimesema za stika."

Nilidhani shangazi atamfukuza. Badala yake alichukua tepu ya kupimia akamuuliza watu watalisomea bango wapi, kando ya lango au ng'ambo ya barabara. Matroni hakujua. Shangazi akatoka naye, mvua ikinyesha, mpaka ng'ambo ya barabara yetu, akaniambia niinue ubao wa herufi. Herufi za urefu wa kidole Matroni hakuziona. Za urefu wa kiganja alizisoma bila kukunja uso. Andika hilo, dada: kabla ya kununua chochote, mpeleke mteja atakaposimama msomaji.

Herufi zitakatwa mjini kwa yule mwenye mashine. Wewe ungezikata hapa.

Alhamisi, 9 Aprili

Fundi wa kuchomelea wa jirani, yule tunayemwita Cheche, ameleta fremu. Bado ananiita Profesa.

"Profesa, umeniandika na mimi?"

"Nimeandika kwamba fremu imepinda."

"Haijapinda! Dunia ndiyo imepinda!"

Shangazi akaleta pimamaji, kile kifaa chenye povu dogo la hewa ndani ya kioo. Povu likakimbilia kushoto. Cheche akaichukua fremu yake kimya kimya na kurudi nayo baada ya saa moja, imenyooka.

Nimejifunza mabati mapya. Yana utelezi kama samaki, na rangi haishiki. Unayaosha kwa sabuni, unayafuta kwa siki, unayasuuza, ukishayakausha unayapitia msasa mwembamba, ndipo unapaka praima ya mabati, ile rangi ya chini inayoshika bati. Matundu ya skrubu yanatobolewa kabla ya kupaka, ili rangi iingie mpaka ndani ya tundu. Ukitoboa baadaye, kutu inaanzia hapo hapo na kuteremka kama machozi. Kwa plaiwudi adui ni kingo: shangazi huzipaka mara tatu, maji huingilia kwenye kingo na wala siyo usoni.

Kila anapomaliza kupaka, anangoja, kisha anagusa kwa mgongo wa kidole. Siyo ncha. Anasema ncha imezoea kazi ngumu, mgongo wa kidole ndio unaosema kweli. Anagusa, anasikiliza kama daktari, anasema "bado" au "tayari". Sijawahi kumwona akikosea.

Jumamosi, 11 Aprili

Sina amani leo.

Unakijua chumba cha nyuma, kile kilichojaa mabango ya zamani na viti vilivyovunjika. Tangu Jumanne shangazi anatoa kitu kimoja kimoja. Nilidhani anatafuta kitu. Leo nimemsikia akimwambia Cheche, "Chumba hakitakaa tupu. Kina mtu." Cheche akasema, "Basi mimi na vyuma vyangu nitakosa?" Wakacheka, na waliponiona wakanyamaza.

Dada, kama anakipangisha kile chumba, mashine yako itakaa wapi? Karakana ya mbele ina vumbi la msasa, na paa linavuja pembeni, juu ya ndoo. Cha nyuma ndicho pekee kisichovuja. Nimemwona shangazi leo kama mtu mgumu anayefunga mlango kabla hajabishiwa hodi. Naandika hivyo kwa sababu niliahidi kueleza kila kitu.

Upande wa vifaa: brashi. Za herufi ni za nywele ndefu, laini. Usinunue nyingi za bei rahisi zinazomwaga nywele kwenye rangi, nunua chache nzuri. Zikishaoshwa kwa mafuta ya taa anazipaka mafuta ya mashine, anazinyoosha kwa vidole na kuzilaza. Ukizisimamisha kwenye kopo zinapinda shingo.

Jumapili, 12 Aprili

Tumepumzika. Mvua haikupumzika.

Jumatatu, 13 Aprili

Rangi ya mwisho imepakwa asubuhi, ya mafuta, nyeupe ya maziwa. Bango linang'aa mpaka nimejiona pua. Shangazi amegusa mara ya kwanza: bado. Ametoa viti viwili vya mwisho kwenye chumba cha nyuma.

Jumanne, 14 Aprili

Herufi za Matroni zimefika kutoka mjini, zimekunjwa kama mkeka kwenye bomba la karatasi. Ni za buluu. Shangazi alizinusa kama anavyonusa rangi, halafu akazitazama kwa muda. "Zimenyooka," alisema. Kwa shangazi hiyo ni sifa kubwa.

Mchana aligusa bango kwa mgongo wa kidole. "Tayari."

Tulibandika mimi na yeye. Unapiga uzi wa chaki kupata mstari, unashikiza kwa utepe wa karatasi juu, unabandua karatasi ya nyuma taratibu, na kupanguza kutoka katikati kwenda pembeni kwa kadi ngumu ya plastiki iliyovishwa kitambaa, ili hewa itoke. Tulipomaliza tukarudi nyuma tukaliangalia. Lilipendeza, dada. Shangazi alisema, "Haya, mashine nayo ni mtoto wa watu." Nilicheka peke yangu mpaka jioni.

Jumatano, 15 Aprili

Nitaandika polepole ili nisiruke kitu.

Leo jua limetoka kwa mara ya kwanza tangu shule ifungwe. Tukalitoa bango nje lipate joto. Nilikuwa nafagia nilipomsikia Cheche akiita, "Mama Rangi! Njoo uone, bango lako lina tetekuwanga!"

Nilidhani ni utani wake. Nilipofika nikaona vipele. Kila herufi ilikuwa imejaa mapovu madogo madogo, mengine makubwa kama punje ya mahindi. Shangazi alitoboa moja kwa sindano, akalibonyeza. Likalala. Tulipomaliza herufi ya tatu, lile la kwanza lilikuwa limeshafumuka tena.

"Ulibandika vibaya?" Cheche akaniuliza.

"Mimi ndiye niliyebandika," shangazi akasema. "Mtoto alishika tu."

Akagusa bango kwa mgongo wa kidole. Akagusa tena. Kavu. Nilimwona akikitazama kidole chake kana kwamba ni cha mtu mwingine.

Matroni alipita kuangalia kazi. Hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema, "Mama Rangi, nimewaalika watu. Siwezi kuwaonyesha wajawazito bango lenye upele." Shangazi akamwambia, "Ijumaa utakuwa nalo." Matroni akauliza, "Hili au jingine?"

Alipoondoka, shangazi aliketi juu ya kopo la rangi, aproni ameivaa ndani nje. Halafu akasema bila kunitazama, "Mpigie dada yako."

Wewe ulisikia sauti tu. Ngoja nikueleze upande huu ulivyokuwa.

Simu niliiweka kwenye sauti ya juu, juu ya meza. Uliposema "Shikamoo, shangazi," alifunga macho kabla ya kusema "Marahaba." Pale kimya kilipokuwa kirefu, na ukasema "haloo, haloo," mtandao haukuwa na shida. Alikuwa anatafuta maneno. Cheche alikuwa amesimama mlangoni na nyundo mkononi.

"Stika imetoa mapovu," shangazi akasema mwishowe.

"Juu ya rangi?"

"Juu ya rangi ya mafuta."

"Ilipakwa lini, shangazi?"

"Jumatatu. Imekauka. Nimeigusa mimi mwenyewe."

Mimi nilijua unachoweza kusema, na yeye pia alijua. Vidole vyake vilikuwa vimeshika ukingo wa meza. Halafu ukasema, tena taratibu, "Mkono wako haujakosea. Juu imekauka. Ila ndani bado inapumua, na kwa mvua hizi itapumua wiki kadhaa. Ukipaka rangi juu yake haina neno, zinapumua pamoja. Stika ni kama kuifunika mfuko wa nailoni. Pumzi haina pa kutokea."

Shangazi akaachia meza. Akasema neno ambalo sijawahi kumsikia akilisema tangu nizaliwe: "Sasa nifanye nini?"

Ukamwambia njia mbili: angoje wiki kadhaa, au atumie bati lililopakwa rangi kiwandani, ambalo halipumui tena. Bati la namna hiyo halipo hapa, na lori la mizigo haliji kabla ya Jumatatu. Kisha ukasema, "Au uziandike. Mashine imeshakuchorea. Mkono wako ndio wenye haraka kuliko wa watu wote ninaowajua." Hapo simu ikakatika, salio letu. Nilitaka kulia.

Shangazi alibaki anaitazama simu. Unajua alisema nini? Alisema, "Hakunicheka."

Cheche akasema, "Nani akucheke, Mama Rangi? Mimi ndiye ninayecheka watu hapa."

"Nilikuwa nangoja acheke," shangazi akasema. "Tangu likizo ile nilikuwa nangoja siku nitakayokosea." Kisha akasimama, akageuza aproni upande wake, akasema, "Lete penseli laini."

Tulizungushia kila herufi kwa penseli kabla ya kuibandua, ili umbo la mashine libaki. Kisha tukazibandua kwa kitambaa cha maji ya moto, tukivuta chini chini, siyo juu. Mahali pawili rangi iliondoka na stika, tukaziba. Gundi iliyobaki tuliifuta kwa mafuta ya taa kidogo sana. Siyo thina, thina ingekula rangi yenyewe. Mawingu yakarudi. Shangazi akasema, "Tulipeleke chumba cha nyuma."

Dada, sikuwa nimeingia humo tangu Jumapili. Ni kitupu kabisa. Sakafu imeoshwa. Kwenye ukuta pana soketi mpya, imepandishwa juu mpaka usawa wa kiuno changu. Sikuuliza. Niliogopa jibu.

Alhamisi, 16 Aprili

Amepaka herufi tangu asubuhi, mkono wa kulia umeegemea ile fimbo yake yenye kichwa cha kitambaa. Anashusha brashi mara moja, hapapasi. Mara moja tu alisimama kwenye kona ya herufi, akasema, "Mashine imekata kona hii vizuri kuliko mimi." Halafu akaifuata ile kona, vile vile ilivyo.

Nimekuwa nikimwona kama mtu anayechukia mashine. Leo nimemtazama akiifuata mistari ya mashine kwa upole, kama anavyosoma barua ya mtu anayempenda. Nadhani hakuichukia. Nadhani katika maneno yako alisikia kwamba yeye ndiye aliyekwisha.

Ijumaa, 17 Aprili

Tayari. Safari hii "tayari" ni ya rangi juu ya rangi, kwa hiyo naiamini. Tumelipeleka kwa mkokoteni, limefunikwa turubai lisiloligusa. Cheche amefunga skrubu zenye washa za mpira, ili maji yasipite kwenye matundu. Alipima kwa pimamaji mara tatu na kuniita nishuhudie kila mara.

Jumamosi, 18 Aprili

Matroni aliinua kichwa, akasimama ng'ambo ya barabara, pale pale msomaji atakaposimama. Akavuka, akakaribia, akagusa herufi moja kwa kidole kabla hatujamkataza.

"Hizi siyo stika."

"Siyo," shangazi akasema.

"Mbona zimenyooka hivi?"

"Zimechorwa na mashine, zikapakwa na mimi. Na mtoto wa kaka yangu aliye mbali ndiye aliyetuambia kosa letu."

Matroni akazitazama tena. "Basi nyie watu wawili mkae pamoja," akasema, "mnisaidie na ubao wa ndani, wa vyumba." Kidole chake kimeacha alama ndogo chini ya herufi ya mwisho. Shangazi amesema tuiache. Siku zote Matroni atalijua bango lake kwa alama hiyo.

Mvua ilianza wakati wa hotuba. Maji yaliteremka juu ya bango na hakuna kilichofumuka. Nilishika mkono wa shangazi na yeye akaufinya.

Jumatatu, 20 Aprili

Leo nimeuliza. Nilijikaza tangu asubuhi, na wakati wa chai nikasema, "Shangazi, chumba cha nyuma umempangisha nani?"

Akanitazama kama nimeuliza jua linatokea wapi. "Nimpangishe nani?"

"Nilikusikia ukimwambia Cheche kina mtu."

"Ndiyo, kina mtu! Huyo dada yako mashine yake ataiweka juu ya kichwa chako?"

Cheche akapaliwa na chai.

Kumbe alianza kutoa vitu humo siku ile ile aliposikia kwamba umepata chumba sokoni. Soketi ameipandisha kwa sababu mafuriko ya mwaka juzi yalifika kwenye kifundo cha mguu. Ametenga kona ya stabilaiza, umeme wetu si unaujua. Ukutani amepigilia vyuma vya kutundikia mabunda ya stika, yasisimame kwenye sakafu na kuvuta unyevu. Hayo yote aliyajua wapi? Alikwenda kwa yule mwenye mashine wa mjini, akijifanya anaagiza tu herufi za Matroni, akatazama kila kitu kwa macho.

"Kwa nini hukumwambia, shangazi?"

"Ningemwambia nini? 'Njoo, brashi imekwisha?'" Akanywa chai. "Wewe si unaandika? Andika."

Basi naandika. Vumbi la msasa litabaki mbele, na mlango wa katikati utawekewa mpira chini. Plastiki ngumu ya mabango, ile inayoangaza kama kioo, tutaisafisha kwa maji na sabuni tu, kwa sababu thina inaitia nyufa, hilo tumelijua kwa kuharibu kipande kimoja jana. Rangi inayohitaji kupumua itapumulia upande wake, na stika itabandikwa juu ya bati la kiwandani. Shangazi amesema atajifunza wembe wa mashine, ule unaokata stika na kuacha alama tu kwenye karatasi ya chini, na wewe utajifunza kushika fimbo ya kuegemeza mkono. Alivyosema "utajifunza" haikuwa ombi.

Daftari hili analichukua dereva wa lori la mizigo leo jioni, na atarudi huku Alhamisi. Nilitaka kupiga simu, shangazi amekataa. "Kwenye simu atasema ngoja nione," amesema. "Kwenye karatasi atapima."

Cheche yuko mlangoni na vyuma vya meza, ameshakata miguu minne na anauliza kila baada ya dakika, "Profesa, bado?" Bango la juu ya mlango shangazi amelishusha leo, amelipaka nyeupe, ameacha nafasi kubwa upande wa kulia. Hajasema ni ya jina la nani, na mimi sijauliza, jibu la pili lisije likanitoa machozi kama la kwanza.

Kwa hiyo nijibu kwa lori hilo hilo, dada, na uchore kabisa: mashine yako ina upana gani, pamoja na miguu yake?